Kupunguza matiti kwa upasuaji: maswali ninayoulizwa sana hapa Dodoma

Mimi ni muuguzi, na sehemu kubwa ya kazi yangu imekuwa wadi ya upasuaji. Maswali haya huulizwa kliniki kwa sauti ya chini. Mengine huja usiku kwenye simu, yakianza na "samahani sista, nina jambo la aibu kidogo". Nimeyajibu kama ninavyomjibu mtu aliyekaa mbele yangu. Pale ambapo jibu linategemea mwili wako nimesema hivyo, na hapo wa kumsikiliza ni daktari atakayekupima.

Nitajuaje kama matiti yangu yamefikia hatua ya kupasuliwa?

Usianze na namba ya sidiria. Wapo wenye matiti makubwa wasiosumbuliwa na kitu, na wapo wanawake wafupi, wembamba, ambao matiti wanayoyaona watu kuwa ya kawaida yanawavunja mgongo. Anza na yale yanayokushinda: shingo na mabega kuuma kila siku, kichwa kugonga ikifika jioni, vidole kufa ganzi, kushindwa kulala vizuri au kukimbilia daladala, vidonda vya jasho chini ya matiti visivyokwisha hata ukipaka dawa ya fangasi.

Mgonjwa akivua blauzi, mimi hutazama vitu viwili. Kwanza mabega: penye mikanda ya sidiria pana mfereji, kidole kinalala ndani yake, na ngozi yake imekuwa nyeusi na ngumu. Pili chini ya matiti: mara nyingi nakuta kipande cha kanga kilichokunjwa mara nne, amekiweka alfajiri kinyonye jasho, na ngozi chini yake imechubuka na kutoa maji. Mwenye mambo hayo mawili hana haja ya kunishawishi.

Nikipunguza uzito si yatapungua yenyewe?

Yanaweza kupungua kiasi, kwa sababu sehemu ya titi ni mafuta. Kwa wengine titi limejaa tishu za maziwa, hivyo mwili unakonda na matiti yanabaki palepale. Madaktari wengi hupenda uzito wako uwe umetulia kwa miezi 6 au zaidi kabla ya upasuaji. Ukipungua sana baadaye, matiti yatalegea tena, na uzito mkubwa huongeza hatari ya kidonda kuachia.

Mafuta, sabuni na chai za kupunguza matiti zinazouzwa mitandaoni hazifanyi kazi. Okoa hela yako.

Nina miaka 17. Naweza kufanyiwa?

Kwa kawaida husubiriwa mpaka miaka 18, na matiti yawe hayajaongezeka kwa mwaka mzima, kwa sababu yanayoendelea kukua yanaweza kukurudisha chumba cha upasuaji. Upo ukuaji wa ghafla kwa wasichana waliobalehe, titi likavimba mno kwa miezi michache. Huo usisubiri umri. Mpeleke binti hospitali mapema.

Sijazaa. Nitanyonyesha?

Hili ndilo swali ninalolijibu taratibu kuliko yote. Kuna wanaonyonyesha vizuri, kuna wanaotoa maziwa kidogo na kulazimika kumwongezea mtoto, na kuna wasiotoa kabisa. Daktari hawezi kukuahidi. Njia nyingi za upasuaji huiacha chuchu ikiwa imeshikamana na nyama ya chini yake pamoja na mishipa yake, kisha huipandisha. Hapo mirija mingine ya maziwa inabaki, mingine inakatwa. Kwa matiti makubwa mno daktari anaweza kulazimika kuitoa chuchu kabisa na kuipandikiza juu. Ukifanyiwa hivyo usitegemee kunyonyesha, na hisia ya chuchu kwa kawaida hupotea.

Kama unapanga kuzaa ndani ya mwaka mmoja au miwili na maumivu unayavumilia, ushauri wangu ni uzae kwanza. Ujauzito huyabadili matiti vyovyote vile. Kama maumivu yanakunyima kazi na usingizi, usijifunge kwa ajili ya mtoto ambaye hata hajapangwa, ila uingie ukijua. Na kama umetoka kunyonyesha, subiri angalau miezi 6 baada ya kumwachisha mtoto.

Si ni kumkosoa Mungu?

Muulize sheikh au mchungaji wako, lakini usimuulize nusu. Ukimwambia "nataka kupunguza matiti" atasikia urembo. Mwambie habari ya shingo, ya vidonda na ya vidole vinavyokufa ganzi, ndipo akujibu. Mimi sijaona tofauti kati ya maumivu haya na ya goti.

Mume wangu hataki.

Fomu ya ridhaa unaisaini mwenyewe, ukiwa mtu mzima mwenye akili timamu. Hiyo ndiyo sheria ya wadi, na nyumbani kuna sheria zake. Nimeona waume wengi wakilainika baada ya kuja kliniki na kusikia daktari akieleza, maana hofu yao mara nyingi ni kwamba mke atafanywa asiwe na matiti. Hayaondolewi. Hupunguzwa na kuinuliwa.

Kinyume chake pia kipo, na hakisemwi sana: mwanamke anayeletwa na mtu mwingine kwa sababu huyo mwingine ndiye anayetaka. Kama wewe huumwi na hutaki, sema hivyo hata kama mlikuja pamoja.

Niende wapi kutokea Dodoma?

Anzia kliniki ya upasuaji, iwe Hospitali ya Rufaa ya Mkoa, pale tunapopaita General, au Benjamin Mkapa upande wa UDOM. Unayemhitaji mwisho wa safari ni daktari bingwa wa upasuaji rekebishi. Ulizia yupo siku gani, au rufaa zao huenda wapi. Wengi huishia Muhimbili, Dar es Salaam. Popote uendapo, una haki ya kuuliza kama daktari amesajiliwa na Baraza la Madaktari Tanganyika na kama upasuaji huu hasa ameuzoea. Omba pia kuona picha za wagonjwa wake wa nyuma, wenye ngozi kama yako.

Kuhusu kambi za madaktari bingwa: ni msaada mkubwa, ila uliza kambi ikifungwa nani ataangalia kidonda chako wiki ya pili. Kama jibu halina jina la mtu, ngoja.

Bima inalipa?

Upasuaji wa kujipendezesha kwa kawaida haulipiwi. Wa kutibu unaweza kuombewa kibali, na hapo karatasi ndizo zinazosema: umetibiwa mgongo mara ngapi, fangasi mara ngapi, daktari ameandika nini. Kwa hiyo kila unapokwenda kituo cha afya kwa maumivu hayo, hakikisha yanaandikwa kwenye faili. Halafu nenda dirisha la bima la hospitali yenyewe ukajibiwe kabla ya kupanga tarehe. Anayelipa mkononi aombe mchanganuo kamili wenye chumba cha upasuaji, dawa ya usingizi, kitanda, vipimo, maabara na marudio. Bei ya "upasuaji tu" huwa haina hata nusu ya hayo.

Kabla ya siku yenyewe kuna nini?

Vipimo vya damu, kundi la damu, sukari na presha, na matiti yenyewe kuangaliwa kwa ultrasaundi au mamografia (picha ya eksirei ya titi), hasa ukiwa umevuka miaka 40 au kuna saratani ya matiti kwenye ukoo. Sema kila dawa unayotumia, pamoja na vidonge vya uzazi wa mpango na dawa za mitishamba. Aspirini na dawa kama ibuprofeni huongeza kutoka damu, na daktari atakwambia uziache lini. Dawa za presha, kisukari au ARV usiziache kwa kujiamulia. Mwenye selimundu aseme mapema, maana maandalizi yake ni tofauti.

Sigara na ugoro viachwe wiki 4 kabla, na visirudiwe mpaka upone. Nikotini hubana mishipa midogo ya damu, na chuchu iliyohamishwa inaishi kwa mishipa hiyohiyo. Daktari anaweza kukurudisha nyumbani kwa sababu ya sigara, na atakuwa amekutendea haki.

Chakula huachwa angalau saa 6 kabla ya usingizi. Maji matupu mara nyingi huruhusiwa mpaka zibaki saa 2. Fuata utakavyoambiwa na hospitali yako.

Wanakata vipi?

Unalala nusu kaputi, na kazi huchukua kama saa 2 hadi 4. Mara nyingi mkato huzunguka weusi wa chuchu, hushuka wima, kisha hupita kwenye mkunjo wa chini. Kwa matiti yasiyo makubwa sana mkato wa chini unaweza kuepukwa. Nusu kilo mpaka kilo nzima kutolewa kila upande si ajabu. Nyama hiyo hupelekwa maabara ya patholojia kuangaliwa. Uliza majibu yake, yasipotee. Unaweza kuamka na mipira midogo ya kutolea damu na majimaji, ambayo hutolewa baada ya siku moja au mbili. Wengi hulala hospitali usiku mmoja.

Nini kinaweza kwenda vibaya?

Damu kujikusanya ndani ya titi, maambukizi, kidonda kuachia, mafuta kugeuka vinundu vigumu, hisia ya chuchu kupungua au kupotea, matiti kutofanana sawasawa, damu kuganda mguuni na kupanda mapafuni. Mara chache, chuchu hufa kwa kukosa damu. Nimeyataja yote kwa sababu utayasaini yote. Mengi hutibika yakiwahiwa.

Ngozi yangu hutoa keloidi.

Mwambie daktari siku ya kwanza, na umwonyeshe kovu la sikio ulipotoga au la chanjo begani. Kwa ngozi zetu nyeusi makovu huvimba na kusambaa kirahisi, hasa pale mkato unapokaribia katikati ya kifua. Anaweza kuufupisha hapo, na kovu likianza kunyanyuka kuna sindano za kulituliza. Kidonda kikishafunga kabisa, jeli au vibandiko vya silikoni husaidia kwa miezi kadhaa. Asali, samli na majivu visikaribie kidonda. Kovu litakuwa jeusi na la kuwasha miezi ya mwanzo, kisha hupoa taratibu mpaka mwaka mmoja au mwaka na nusu. Halifutiki.

Sista, nitarudi kazini lini?

Kila mtu huuliza hivi, na mimi hujibu kwa swali: nani atakuchotea maji?

Kazi ya ofisini pale Mtumba, kwenye Mji wa Serikali, unaweza kuirudia baada ya wiki 2 hivi. Kinachowaumiza wagonjwa wangu ni nyumbani. Kwa wiki 4 mpaka 6 usinyanyue kitu kizito, na ndoo ya lita 20 ina kilo 20. Usisonge ugali wa familia nzima, maana kusonga ni kifua na mikono. Usitwange, usifagie uwanja, usifue mashuka kwa mkono, usibebe mtoto kwa mbeleko. Mtoto wa miaka miwili hajui habari ya nyuzi. Atakurukia, kwa hiyo ukae kwanza, ndipo apandishwe pembeni yako.

Sasa, kwa nyumba zetu, mgao wa maji ukiwa umepita na mapipa yako chini, nani atafanya hayo? "Mdogo wangu atakuja" si mpango. Mpango ni mdogo wako amekata tiketi kutoka Kondoa, anajua anakaa mwezi mzima, na mwenye duka ameshaelezwa kuhusu unga. Mume naye aambiwe kazi kwa majina: kuchota, kufua, kupeleka watoto shule. Ukimwambia "utanisaidia" atasubiri uombe, na wewe utaona aibu kuomba, utanyanyua. Vidonda vingi vilivyoachia wiki ya pili nimeletewa pamoja na habari ya ndoo.

Kwa hiyo mimi hutanguliza msaidizi, tarehe hufuata. Mkulima asipange Desemba mvua zikianza, maana shamba litamwita. Mwezi wa sita mpaka wa nane, mavuno yakiwa ndani na baridi imeingia, ndio msimu wangu ninaoupenda. Sidiria ya kubana usiku na mchana wakati wa joto la Oktoba ni adhabu, na jasho halikisaidii kidonda.

Wiki za mwanzo zikoje?

Siku 3 za mwanzo kifua kinauma na kubana. Parasetamo kwa saa zake, bila kusubiri maumivu yapande, huwatosha wengi wakishatoka hospitali. Utalala chali, mgongo umeinuliwa kwa mito. Tembea ndani ya nyumba tangu siku ya kwanza ili damu isigande miguuni. Sidiria laini isiyo na waya, inayofungwa mbele, huvaliwa usiku na mchana kwa takriban wiki 6. Kuoga kifua huruhusiwa mara nyingi baada ya siku 2, lakini fuata ulivyoambiwa kuhusu bendeji, na ukaushe kwa kugusagusa bila kusugua. Kwa vumbi letu la kiangazi, nguo inayogusa kidonda ianuliwe na kupigwa pasi.

Bendeji zikifunguliwa mara ya kwanza, jiandae. Matiti yatakuwa yamejaa juu, bapa chini, kama ya mraba, yana michubuko ya njano na kijani, na moja limevimba kuliko lingine. Wengine hulia hapohapo. Hilo si umbo la mwisho. Uvimbe huendelea kushuka kwa miezi 3 mpaka 6, na titi hukaa mahali pake taratibu. Kulia bila sababu wiki ya kwanza pia hutokea, hasa dawa za usingizi na kukosa kulala vikikutana. Huzuni ikizidi wiki mbili, ije kliniki pamoja na wewe.

Pale chini mistari inapokutana pamefunguka kidogo.

Ndipo panapofunguka mara nyingi, kwa sababu ngozi ya hapo imevutwa pande zote na damu inafika kwa shida. Kitundu kidogo kisicho na usaha wala harufu huoshwa, hufungwa, na hujifunga chenyewe baada ya wiki kadhaa. Kionyeshe kliniki. Usikitie unga wa antibiotiki wa dukani.

Dalili gani haisubiri kesho?

Titi moja kuvimba ghafla, likakaza na kuuma kuliko mwenzake. Chuchu kugeuka bluu au nyeusi. Homa ya nyuzi 38 au zaidi, usaha, wekundu au joto linalosambaa. Mguu mmoja kuvimba na kuuma kwenye kigimbi. Kifua kubana na pumzi kukatika: hapo tafuta gari sasa hivi, hata kama ni saa nane usiku, nenda hospitali yoyote iliyo karibu na useme umepasuliwa lini.

Nimepasuliwa Dar. Nirudi Dodoma vipi?

Usirudi kesho yake. Kaa kwa ndugu mpaka kidonda kiangaliwe mara ya kwanza. Treni ya SGR ni afadhali kuliko basi, kwa sababu unaweza kusimama na kutembea behewani. Ukipanda basi, weka kitambaa laini kati ya mkanda na kifua, shuka kila linaposimama, na cheza vifundo vya miguu njiani. Mzigo abebe mwingine. Ukifika usipande boda, na bajaji iende polepole.

Tendo la ndoa?

Baada ya wiki 2 hivi, ukijisikia, bila uzito wala mikono kwenye kifua. Kifua chenyewe kisubiri wiki 6.

Upasuaji huu unaleta saratani?

Hapana. Ila haukuondolei ulazima wa kujichunguza. Vinundu vya mafuta yaliyokufa huweza kumtisha hata daktari, kwa hiyo ukienda kupimwa matiti miaka ijayo, anza kwa kusema ulipunguzwa na mwaka gani.

Yataota tena?

Yanaweza kuongezeka kwa ujauzito, kwa kunenepa au kwa mabadiliko ya homoni. Kurudi vilevile kama mwanzo si kawaida kwa mtu mzima.

Naimba kwaya na kupiga muheme. Lini?

Kuimba, ukiwa umekaa, mara tu pumzi isipouma. Ngoma na kutikisa mabega, baada ya wiki 6 mpaka 8 na daktari akiwa amekagua. Anza na wimbo mmoja, ukiwa na sidiria inayoshika.

Ninunue sidiria mpya lini?

Usijaze kabati mapema. Nunua mbili za kuponea, basi. Za waya na za saizi ya kudumu zingoje miezi 3 mpaka 6, uvimbe ukishashuka. Ukizitafuta mtumba, kama mnadani Msalato, jaribu juu ya fulana: inua mikono, inama, vuta pumzi. Mkanda ukipanda mgongoni ni mkubwa. Na waya ukilalia kovu la chini, irudishe mezani hata kama ni nzuri na bei ni ya bure.